Kufuli la Sanduku la Obiero

Katika bweni la shule ya Mutuku, kubadilisha kufuli kulihesabiwa kuwa sanaa. Ungoje mwenzako aende kuoga na kuacha sanduku lake la bati wazi, ulifunge kwa kufuli lako linalofanana na lake, kisha ukae kitandani na Biblia mkononi, uso wa shemasi, ukimtazama akigombana na ufunguo usiokubali.

Likizo ya Desemba 2007, Mutuku aliileta sanaa hiyo nyumbani Kawangware, akamfanyia Obiero, jirani wa mlango wa tatu kwenye ploti yao ya kupanga.

Kwa kina Obiero kulikuwa na mashine ya gemu iliyochoka, na CD moja tu iliyobaki kusomeka: tenisi ya vikatuni. Vichwa vikubwa kama matikiti, miguu mifupi, mpira unaofuka moshi ukipigwa, na anayeshindwa huketi chini akalia machozi ya buluu mpaka uwanja ufurike. Vibonyezo viwili, basi. Watu wa ploti walikwisha kuona gemu za magari na za vita, lakini kila jioni walirudi kwenye tenisi, hata mama mboga, aliyepiga kelele kuliko wote. Juu ya orodha ya mabingwa palikaa jina moja: NAFTALY. Huyo alikuwa kaka yake Obiero, aliyeugua akafa mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeifikia alama yake. Kila mchezo ulipokwisha, Obiero aliiviringisha mashine kwa shuka na kuifungia sandukuni, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Mutuku alibadilisha kufuli asubuhi, Obiero alipokwenda kuteka maji na kuliacha sanduku wazi. Nia yake ilikuwa acheke mpaka jioni, kisha autoe ufunguo.

Jioni hiyo matokeo ya kura yalitangazwa. Giza halijaingia, vijana wenye mapanga walikuwa langoni wakiuliza Wajaluo wanakaa mlango gani.

Mutuku, bingwa wa mzaha, alikuwa chini ya kitanda cha mamake, ufunguo ndani ya soksi. Alisikia kufuli la sanduku likitikiswa mlango wa tatu. Likatikiswa tena. Alimsikia Nereah, mamake Obiero, akisema, "Wachana nayo, twende! Obiero, twende!" Kutoka kitandani hadi pale ni hatua kumi na mbili. Alikuwa amezihesabu asubuhi, akienda kufanya sanaa yake. Hakutoka. Wenye mapanga walipofika walilibeba sanduku zima zima.

Mwezi Machi, wakubwa wa siasa walipokwisha kupeana mikono, Mutuku alipata likizo fupi ya shule akaenda Kianda, Kibera, ambako Obiero na mamake walihamia. Alimkuta kwenye kibanda cha gemu, mbele ya tenisi ile ile. Orodha ya mabingwa ilijaa majina ya watu asiowajua.

"Niaje, Mkamba! Bado uko mfupi? Githeri ya boarding unayokula inaendanga wapi?"

"Inaenda kwa akili," Mutuku alijibu.

"Basi imepotea njia."

Sheria ya kibanda ni kwamba anayeshinda hubaki, anayeshindwa humwachia anayefuata pedi ya kuchezea. Aliyefuata alikuwa Lazarus, fundi wa viatu, aliyekwisha kukunja mikono ya shati.

Wakaanza. Mpira ukafuka moshi, na Obiero akacheka kile kicheko cha zamani cha puani. Kisha, macho yakiwa kwenye skrini, akasema, "Unajua ile siku niliogopa vibaya? Funguo ilikuwa kwa mkono, msee. Nilitetemeka mpaka ikakataa kufungua. Mama ananiambia nisahau. Lakini Naftaly aliniachia kitu moja tu, na woga yangu ikaipoteza."

Mutuku akauachia mpira mmoja upite. Akauachia wa pili na wa tatu, akijiambia kwamba hayo ni malipo. Katuni yake ikaketi chini na kuanza kulia.

"Unaniwachia?" Obiero aligeuka. "Wewe? Wewe huwachii hata mtoto. Ni nini?"

Mutuku alikuwa amepanga hotuba ndefu, yenye utangulizi. Badala yake alivua kiatu, akaingiza vidole kwenye soksi, akaweka ufunguo mdogo juu ya benchi.

"Hukutetemeka," alisema. "Kufuli halikuwa lako. Nilibadilisha asubuhi."

Obiero aliuokota, akaugeuza huku na huku. Kwenye skrini machozi ya buluu yalikuwa yamefika kwenye neti.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Lazarus akakohoa. "Vijana, nani ametoka? Zamu yangu hiyo."

Mutuku akamnyooshea pedi yake, maana ndiye aliyeshindwa. Lakini Obiero alisimama kwanza. Akamwekea Lazarus pedi ya mshindi mapajani, akautia ufunguo mfukoni.

"Baki wewe," alimwambia Mutuku, na akatoka nje.

Lazarus akaanzisha mchezo. Mutuku alicheza, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na kila alipopiga, mpira ulifuka moshi kama kawaida.