Falone wa Darasa la Sita

Walimu walikuwa wakitoa madawati nje na kuyapanga uwanjani, tayari kwa sherehe ya kesho, wakati mwanamke mmoja asiyejulikana alipoingia na kusimama katikati ya uwanja. Alitazama huku na huku kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kuta zimehamishwa. Vumbi la Julai lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakuwa na mzigo, ila mfuko mdogo wa plastiki wenye dawa.

"Hili dawati lina miguu mitatu," mwalimu Arsène alikuwa akilalamika. "Kama komite yetu."

"Wewe likalie tu," mwalimu Espérance akamjibu. "Umezoea kuegemea watu."

Walicheka, na mwanamke akawangoja wamalize.

"Natafuta mwalimu Kalume," akasema.

"Njo miye Kalume, mama. Karibu."

Louis Kalume aliweka chini upande wake wa dawati. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo ya msingi, huku Mikelenge, upande mmoja wa mji wa Kindu, na alishawazoea wageni wa siku kama hii: mzazi anayeomba mtoto wake asirudie darasa, mzazi anayeuliza kama mtoro wa mwezi mzima anaweza kusamehewa. Alidhani huyu naye ni mmoja wao.

"Kesho njo proklamasio, mama. Tutatangaza matokeo yote. Mutoto wako iko darasa gani?"

"La sita," mwanamke akasema. Kisha akajisahihisha. "Alikuwa la sita. Niko mama ya Falone."

Kalume alimtazama. Ilimbidi autafute uso wa Albertine ndani ya uso huu uliokauka, akaupata. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliamini kwamba mwanamke huyu amekufa.

Mwaka ule wa vita mji wa Kindu ulikuwa umezingirwa. Aliyetoka kwenda shambani hakujua kama atarudi, na aliyebaki mjini alikula chochote kilichoota nyuma ya nyumba. Mshahara ulikuwa neno la zamani. Kalume, kijana aliyetoka masomoni juzi, alifundisha darasa la sita, na kilichomweka hai ni akina mama. Mmoja alileta sombe, yale majani ya mhogo, mwingine ndizi mbili, mwingine mafuta ya mawese kwenye chupa ndogo ya dawa. Albertine alikuwa akimtuma Falone na bakuli lililofunikwa kitambaa, na mtoto alilibeba chini ya madaftari yake ili wenzake wasilione wakatamani.

Mwishoni mwa Juni ikaja habari kwamba njia ya kufuata reli imefunguka. Huko Kibombo kulikuwa na mihogo. Huko Tunda kulikuwa na bibi na babu. Familia zilifunga vitu vyao siku moja, hazikutaka kungoja matokeo, na mkuu wa shule wa wakati ule, na Kalume pamoja naye, wakawaambia wote waende mapema likizo, wakashibe. Falone peke yake alilia. Alijua amekuwa wa kwanza. Alikuja hadi mezani kwa Kalume, amevaa tayari viatu vya safari.

"Mwalimu, nikiwa ku vakansi, nani atasikia jina langu?"

"Watu wote watalisikia," Kalume alimwambia. "Nenda ukashibe kwa bibi yako. Nitakuita wa kwanza, mbele ya wazazi wote. Hata kama hauko, nitakuita."

Kundi lile lilikutana na watu wenye silaha kabla ya kufika Kibombo. Alirudi mtu mmoja tu: Soudi, kijana wa baiskeli, yule aliyezunguka Mikelenge nzima akitangaza kwamba njia ni salama, kisha akawaongoza. Alirudi kwa miguu, bila baiskeli. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwanzoni watu waliogopa, baadaye wakazoea.

Kalume alimvutia Albertine benchi kwenye kivuli cha darasa. Akamletea maji. Mwanamke akanywa kidogo kidogo, mkono juu ya tumbo.

"Walitutenganisha mu pori," alisema. "Miye walinipeleka mbali sana. Yeye alibaki palepale, sikuona kitu, nilisikia tu. Niliporudi Tunda, vita ilikuwa imeisha. Nililima. Hii njia ya Kindu sikuweza kuipita tena, mpaka hili tumbo likanileta hospitali. Wameniangalia. Wamesema nirudi nyumbani."

"Watakupa dawa zingine, mama."

"Wamesema nirudi nyumbani," akarudia bila ukali, naye Kalume akaelewa. "Kesho kutwa motari atanipeleka na pikipiki yake. Nikasema, kwanza nipite kwa mwalimu. Sikuja kuomba kitu. Nataka tu unihadisie."

"Nikuhadisie nini?"

"Ile siku ulipomuita. Ilikuwaje?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Njia nzima alikuwa anaimba ile maneno. Mwalimu ataniita wa kwanza, mwalimu ataniita wa kwanza. Mpaka nikamwambia anyamaze, tutasikika. Basi miye miaka yote nikiwa shambani naiona hiyo siku. Uwanja umejaa. Weye umesimama. Lakini sikujua ulivaa nini, ulisimama wapi. Sasa unihadisie."

Ingekuwa rahisi. Sentensi tatu tu, na mwanamke huyu angerudi Tunda na shati la rangi fulani, na kivuli cha mti fulani, na angekufa navyo. Kalume alifungua mdomo. Aliona tena viatu vile vya safari vya Falone.

"Mama," akasema, "hakukuwa na proklamasio. Wiki ileile askari waliingia shuleni. Madawati waliyafanya kuni za kupikia. Tulipofungua tena, ulikuwa mwaka mwingine na watoto wengine. Sikumuita."

Albertine hakulia. Aliweka kikombe chini, taratibu, kana kwamba ardhi ingeweza kuvunjika.

"Ah," akasema. "Kumbe."

Kuku walipita mbele yao. Mwalimu Arsène aliburuta dawati la mwisho.

"Kesho nitamuita," Kalume akasema.

"Usihangaike, mwalimu. Mutoto alishakwenda."

"Nilimwambia hata kama hayuko."

Alasiri, lori la Soudi liliingia uwanjani likiwa limebeba mabati mapya yanayong'aa hadi kuumiza macho. Siku hizi Soudi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mtaa wa Kasuku na mwenyekiti wa komite ya wazazi. Dhoruba ya Machi ilikuwa imefunua madarasa matatu. Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, watoto wa madarasa hayo walirudishwa nyumbani. Bila paa kabla ya Septemba, wazazi wangewahamisha watoto, na shule ingebaki na walimu bila wanafunzi. Mabati yale ndiyo ambayo kesho angeyatolea shukrani. Kalume alikuwa ameshaandaa maneno yake, na jina la Soudi lilikuwa mwanzoni.

Alimngoja ashuke, akamwambia yote akiwa amesimama palepale kando ya gurudumu. Hakutaka mtu huyo ashtukizwe mbele ya watu.

Soudi alisikiliza huku akipangusa jasho shingoni.

"Direkta," akasema mwishowe, "miye nakuletea mabati, weye unaniletea wafu."

"Ni mutoto mmoja. Ni jina moja tu."

"Ukiita moja, kila mama atalisikia la kwake. Halafu wote watageuka kuniangalia. Unafikiri sijui wanavyoniangalia? Hata sokoni, wakinisalimia, wanasalimia mikono yangu, si uso wangu."

"Hakuna anayekushitaki, ndugu."

"Niliambiwa njia iko wazi, nikawaambia watu. Njo basi. Njo yote niliyofanya." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Weye pia uliwaambia waende. Uliwaambia wakashibe. Mbona weye hawakuangalii?"

"Kwa sababu miye sikwenda nao nikarudi peke yangu."

Soudi alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. Alipiga ubavu wa lori kwa kiganja, na mabati yakatoa mlio mrefu.

"Hatutashusha leo," alimwambia dereva. Kisha akamgeukia Kalume. "Kesho nitakaa mbele, mahali pangu. Ukimaliza kusema bila jina hilo, vijana watashusha. Ukiliita, lori litarudi Kasuku. Sikutishi, Direkta. Siwezi tu kukaa pale."

Espérance, aliyesikia yote kutoka mlangoni mwa darasa, alimfuata Kalume ofisini. Alikuwa na wanafunzi hamsini katika moja ya yale madarasa yasiyo na paa.

"Papa Direkta, muite kimoyomoyo," akasema. "Mungu atasikia."

"Niliyemwahidi si Mungu."

"Na hawa wangu? Hawa tunawaahidi nini?"

Espérance akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku ya pili uwanja ulijaa mapema. Akina mama walivaa vitenge vyao vya kanisani, wengine mitandio yao ya msikitini, na watoto walikuwa wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Lori lilisimama langoni. Soudi alikaa mstari wa mbele akiwa na kanzu nyeupe. Albertine alikaa nyuma kabisa, kwenye lile dawati la miguu mitatu, na hakuna aliyemjua.

Kalume alisimama. Karatasi yake yenye hotuba na matokeo ilikuwa mfukoni, akaiacha humo.

"Wazazi, aksanti," alianza. "Shule hii hamkupewa. Mliibeba. Wakati wa vita mlitulisha sisi walimu huku watoto wenu wanalala njaa. Mwenye sombe alileta sombe. Matofali haya mliyachoma nyinyi. Papa Soudi ametusaidia miaka mingi, namshukuru mbele yenu wote, na ninataka mjue kwamba namshukuru kwa moyo." Aliona mabega ya Soudi yakilegea. Akaendelea kabla hajapoteza nguvu. "Kuanzia leo mnakwenda likizo. Likizo ni nini? Ni mtoto kukaa karibu na watu wake. Kula pamoja nao, kuchelewa kulala, kusikia hadithi za bibi. Kila mwaka nawaambia msiende mbali, na hamjaniuliza sababu. Wengi mnaijua."

Manung'uniko yakapita uwanjani, kisha yakatulia.

"Kuna mwaka ambao hatukutangaza matokeo. Darasa la sita la mwaka ule lilikwenda likizo na halikurudi. Leo natangaza."

Alivuta pumzi, akaita kama alivyokuwa akiita kila mwaka, kwa sauti ile ya kufika hadi barabarani.

"Darasa la sita. Wa kwanza: Falone, binti ya Albertine."

Soudi aliinuka. Hakumtazama mtu. Alitembea hadi langoni, kanzu yake ikigusa vumbi, na baada ya muda injini ya lori ikawaka. Mabati yalilia lori lilipopita kwenye mashimo ya barabara. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Na paa letu?" Espérance alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake miwili mikubwa juu ya mapaja. Hakuna aliyepiga makofi.

Huku nyuma, Albertine akasimama.

Kwa desturi ya proklamasio, mtoto akiitwa hukimbia mbele, na ndugu zake humfuata na kummiminia poda nyeupe kichwani na shingoni hadi afanane na mzuka anayecheka. Albertine alianza kutembea. Alitembea polepole kati ya madawati, mkono tumboni, na watu wakamgeukia mmoja mmoja. Mama mmoja alimtambua, akaziba mdomo. Mwingine, bila kumtazama, akamtilia kopo lake la poda mkononi.

Alipofika mbele alisimama kando ya Kalume, akiwatazama watu, kisha akatazama chini, mahali palipokuwa wazi mbele yake. Alinyoosha mkono hadi kwenye kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Akamimina.

Poda ilianguka yote chini. Kidogo kilichukuliwa na upepo.

Kalume alimshika mwanamke mkono, akamkalisha kwenye kiti kile cha mstari wa mbele kilichoachwa wazi na Soudi. Mbele yake walisubiri watoto zaidi ya mia tatu, na sauti ya lori ilikuwa bado inasikika kwa mbali, ikielekea Kasuku. Akatoa karatasi mfukoni. Akaita wa kwanza wa mwaka huu, mara moja, mara mbili, hadi msichana mwembamba akatoka kwa woga, akipita pembeni ili asikanyage ile nyeupe.

Hakuna aliyesogea kumpongeza. Watu walikuwa bado wakitazama langoni.

Ndipo Albertine alipoanza kupiga makofi, peke yake, taratibu, na kila viganja vyake vilipokutana, vumbi jepesi jeupe lilipanda juu kati ya mikono yake na kutoweka.