Mbuzi Mmoja kwa Kila Mtu

Stanslaus aliporudi Genkuru kutoka vita vya Uganda, baba yake, mzee Heche, alimzuia mlangoni akiwa ameshika kamba ya mbuzi. Kwa mila yao, aliyeua hali chakula cha chungu kimoja na wenzake mpaka atakaswe, mbuzi mmoja kwa kila aliyemuua. Hilo hata kijiji cha ujamaa hakikulifuta.

"Umeua wangapi?"

"Sijui, baba. Tulirusha makombora ng'ambo ya vilima. Sikumwona hata mmoja."

Heche aliilegeza kamba. Yeye aliua mmoja, kwa mkuki, na uso wa mtu yule anao mpaka leo. Vita gani hivi, vya kuua kama mtu anayemwaga maji nje bila kutazama?

Akamrudisha mbuzi zizini.

"Mama yako atakuletea chakula hapa nje."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka ujue idadi."