Kipimo Kilichokosa Macho

Umegeuza uso tena, jirani. Umepita mbele ya kliniki ya mtaa wetu hapa Rosario, umeona foleni ya dawa mpya ya kizunguzungu, ukavuka barabara.

Mimi nilikuwa ndani na dada yangu Nélida. Moyo wake ni dhaifu, naye yumo katika kundi la wagonjwa watakaoanza kuimeza Jumatatu. Mlango wa mkurugenzi, Daktari Quiroga, ulikuwa wazi.

"Hakuna hatari, Ofelia," alikuwa akimwambia mtakwimu wake. "Tia saini ripoti ya jaribio la dawa, tukale."

"Katika jaribio, watu wa kundi moja tuliwapa dawa ya zamani, ile inayojulikana kuchelewesha moyo," Ofelia alijibu. "Makusudi, tujue kama kipimo chetu cha moyo kina macho ya kuona hatari. Hakikuiona! Asiyemwona ng'ombe mlangoni atamwonaje kuku?"

"Kisa?"

"Kibuyu cha yerba, chai ile inayokimbiza moyo. Siku ya kipimo kilizunguka wodini asubuhi nzima, mrija mmoja, vuta umpe mwenzio. Wengine walivuta mpaka jasho likawatoka, wengine kidogo. Mioyo ikaenda mbio ovyo, athari ya dawa ikafunikwa."

"Ulitaka niwanyime watu yerba? Wangenipiga mawe!"

"Hata wewe ulivuta, daktari, tena ukaomba maji ya moto zaidi. Turudie."

"Wenye dawa wanataka jibu sasa, mama."

"Jibu ni hatujui. Wewe umeandika hakuna hatari. Ni kitu kimoja hicho?"

Mimi sisahau. Tulipokuwa wadogo, dawa moja ya kikohozi nayo iliitwa salama, mpaka Don Eusebio, jirani yetu aliyeinywa, akaanguka akafa na mpira wa maji mkononi, akimwagilia waridi. Hakuna aliyeulizwa.

Nélida alinishika mkono. "Kaka, nimechoka kuanguka bafuni. Acha nijaribu."

"Hujawasikia?"

"Nimewasikia. Nawe hujawahi kuokotwa sakafuni na mwanao."

Ofelia akatoka bila kutia saini, akamwona Nélida. "Mama, wewe ni wa Jumatatu?"

"Ndiyo, binti yangu."

"Usimeze. Nakuomba."

Nyuma yake Quiroga alikuwa tayari kwenye simu, akitafuta mtakwimu mwingine. Atampata. Na Nélida bado hajaniambia atameza au hatameza.

Leo ni Jumamosi. Ikiwa una ndugu katika foleni ile, mtoe. Ikiwa huna, njoo sasa hivi usimame nami mlangoni pa kliniki, mpaka jaribio lirudiwe.