Sadaka Iliyoachwa Kati ya Viti

Mzee Nderitu alisimama katikati ya kanisa, gunia la mahindi begani, na foleni yote ya watoa sadaka ikasimama nyuma yake. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mbele, karibu na mimbari, maboga na mikungu ya ndizi ilikwisha kupangwa, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu alikuwa akiwatazama waumini kwa jicho la lawama. Kwaya ilikuwa imepamba moto. Kila mtu alidhani mzee amechoka.

"Baba Muchiri, tukusaidie?" Wahu, mkewe, alinong'ona nyuma yake, sinia la maharagwe mikononi.

Nderitu alilitua gunia polepole pale pale kati ya viti, akalipapasa kama mtu anayemtuliza mtoto, kisha akageuka na kuelekea mlangoni, akiwapita watu wa foleni mmoja mmoja na kuwaomba radhi kila alipowakanyaga.

Muda mfupi kabla ya hapo, Mchungaji Jelimo, binti aliyelingana kwa umri na kitindamimba wa Nderitu, alikuwa amehubiri bila kupaza sauti. Alisema Yesu hakuwaomba watu wayakariri maneno yake, aliwaomba wayafanye. Kisha akatoa mfano mmoja tu: ukifika na zawadi yako mbele za Mungu, ukakumbuka kwamba yuko mtu mwenye kinyongo nawe, iache hapo hapo, uende kwanza mkapatane.

"Nimekuwa kanisani tangu nizaliwe," alimalizia akicheka, "na bado sijaona mtu akiiacha."

Watu walicheka naye. Nderitu pia alicheka. Sura ile ya Injili aliijua kama mfuko wa koti lake. Ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa ubatizo, na mwanafunzi akiruka neno moja, alimrudisha mwanzo. Lakini alipoinuka na gunia lake, kicheko kilimkauka. Jina moja lilimjia, likagoma kuondoka. Barasa.

Zamani, Nderitu alipowasili Kitale kutoka Nyeri, kijana fundi mwenye mwiko na pimamaji na bila jamaa hata mmoja, alipata chumba katika mtaa wa Tuwan, katika ploti ya mama mmoja Mbukusu aliyeitwa Namalwa. Jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa wakati pombe inapikwa nyumbani, na Mama Namalwa hakulisaliti: alipika busaa, na kwa busaa hiyo akamsomesha mwanawe, Barasa. Nderitu alipougua homa ya matumbo, ni mama huyo aliyemlisha uji kwa kijiko, akimsuta kwamba amekonda hadi anaaibisha ploti. Alimwita "Mkikuyu wangu", kama vile Wakikuyu wengine wote walikuwa na wenyewe na huyu ndiye aliyemwangukia yeye.

Barasa naye akawa zaidi ya rafiki. Kanisa lilipopata kiwanja, wao wawili ndio waliochimba msingi na kuujaza mawe, huku mama akiwaletea chai, ingawa yeye mwenyewe aliketi nje ya ua kwa sababu aliona haya kuingia.

Kisha Nderitu akawa mzee wa kanisa, na baadaye mwenyekiti wa wazee. Mama Namalwa alipofariki, baraza lilikutana likaamua kwamba mpika pombe hawezi kuzikwa kwa maombi ya kanisa. Nderitu hakupinga. Akasimama kwenye lango la kanisa, mikono nyuma, akautangaza uamuzi huo mbele ya jeneza. Barasa alimtazama kwa muda mrefu.

"Nderitu," alisema, "ni wewe?"

Aliupeleka mwili wa mamake kwao Bumula, na yeye mwenyewe hakurudi Kitale tena.

Nje ya kanisa, Wahu alimkuta mumewe akifuta viatu kwa kitambaa cha jasho.

"Unaenda wapi na sadaka haijafika?"

"Bumula."

Wahu hakuuliza kuna nini huko. "Ukishuka sokoni," alisema, "pita nyuma ya mashine ya kusaga, ufuate njia ya mtoni. Boma lenye mparachichi mbele ndilo lao."

"Umejuaje?"

"Si nilienda kumzika mama."

"Lini? Siku ile uliniambia unaenda Endebess kumwona dada yako!"

"Ee. Nilikuambia hivyo." Alimnyooshea kola ya shati, akaipiga kofi dogo ikae sawa. "Ungenikataza, na mimi ningeenda tu. Nikaona afadhali nikuepushie dhambi ya kunikataza. Sasa nenda. Na usihubiri huko, Baba Muchiri. Tafadhali."

Njia nzima, kupitia Webuye na Bungoma mjini, Nderitu alitunga maneno na kuyatupa. Alikuwa fundi wa nyumba. Aliwahi kuitwa kukagua kuta zilizopasuka, na mara nyingi mwenye nyumba alitaka ampakie plasta tu, mambo yaishe. Yeye huyo alikuwa akikataa, akichukua sururu na kuanza kuchimba chini. Ilimshangaza kwamba katika maisha yake mwenyewe alikuwa amepaka plasta miaka yote hiyo, tena kwa ustadi, na watu wakamsifu.

Alimkuta Barasa ameketi kwenye kigoda uani, fulana imetoka rangi, akipukuchua mahindi juu ya turubai kubwa. Nywele zilikuwa zimemwisha upaa. Mikono yake ilikuwa ile ile.

"Karibu," alisema kwa mazoea kabla ya kuinua macho. Kisha akayainua. "Aa."

"Hamjambo hapa."

"Hatujambo. Umetumwa na kanisa?"

"Hapana. Nimejituma."

"Mchungaji anajua uko hapa?"

"Nadhani kanisa lote linajua niko mahali. Nimeliacha gunia langu njiani, watu wanaliruka."

Barasa hakutabasamu, lakini kidole gumba chake kilisita kidogo juu ya gunzi. Nderitu hakuambiwa aketi. Akaketi chini, ukingoni mwa turubai, suruali yake ya Jumapili mavumbini, akachukua hindi na kuanza kupukuchua. Punje zilianza kudondoka.

"Nimekuja kusema nilikukosea," Nderitu alisema.

"Mimi?" Barasa alitupa gunzi pembeni. "Mimi nilikuwa nimesimama tu hapo, bana. Aliyefungiwa mlango ni mayi, mama yangu. Nenda umwambie yeye."

Alisema hivyo kwa ukali, kama mtu anayefukuza. Nderitu akainuka, akapangusa magoti na kuuliza, "Yuko wapi?"

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, limefagiliwa vizuri. Barasa alimfuata, akasimama mbali kidogo, mikono kifuani. Nderitu alivua kofia. Akafumba macho, akakohoa, na sauti yake ya mimbari ikaja yenyewe, nzito na laini: Baba Mtukufu, tumekusanyika hapa mbele zako kwa unyenyekevu...

"Si hiyo," Barasa alimkata. "Hiyo ni ya wazee wa kanisa. Ati tumekusanyika! Nani amekusanyika? Ongea na mayi vile ulikuwa unaongea naye."

Nderitu alifumbua macho. Alijaribu kuanza tena na hakupata pa kuanzia. Maneno yote aliyoyahifadhi maishani, yaliyomtii darasani na mazishini, yalimkimbia, akabaki mikono mitupu mbele ya udongo. Migomba ilitikisika. Mwishowe aliinama, akachuchumaa, kama alivyokuwa akichuchumaa mbele ya jiko la mama yule.

"Mama," alisema. "Ni mimi, Mkikuyu wako. Nilikuja kwako na njaa, ukanilisha. Nikaugua, ukakaa nami. Sikuwa na mtu, ukasema wewe ni mtu wangu." Aliugusa udongo. "Ulipofika mlangoni kwangu mara moja tu, nikaufunga. Nilijua ni vibaya. Wakati nasimama pale nilijua, mama. Niliogopa wenzangu."

Akalia, si kwa kwikwi za kupendeza, bali kwa kelele mbaya ya mtu mzima asiyejua kulia. Kuku walikimbia. Barasa aligeuka akatazama mtoni, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

"Angekucheka," alisema baada ya muda. "Angesema, hebu muone huyu, analia kama mtu amekata vitunguu vya harusi."

"Angenicheka."

"Halafu angekupatia chai."

Walirudi uani. Barasa alikaa kwenye kigoda chake, Nderitu ukingoni mwa turubai.

"Mimi bado nina hasira," Barasa alisema, akimtazama sasa. "Usidhani imeisha kwa sababu umelia. Sijui itaisha lini."

"Nitangoja."

"Utangoja ukifanya nini?"

Nderitu akachukua hindi jingine. Barasa alimtazama mikono, kisha akalisukuma rundo la mahindi katikati, pale ambapo wote wawili wangelifikia.

Mawingu yalikuwa yameteremka kutoka upande wa Mlima Elgon bila wao kuyaona. Tone la kwanza lilipiga turubai, la pili likampiga Nderitu shingoni, na ghafla mvua ikamwagika yote kwa pamoja.

"Mahindi!" Barasa alipiga kelele.

Kila mmoja alishika pembe zake mbili. Walivuta, wakajikwaa, wakagombezana nani aende kushoto, wakaliburura turubai lote hadi kibarazani, wakihema. Paa lilikuwa dogo na mahindi yalichukua karibu nafasi yote. Barasa aliegemea ukuta. Nderitu alisimama mwisho kabisa, maji ya mchirizi yakimlowesha bega moja, asithubutu kusogea.

Waliitazama mvua. Barasa alitupa jicho upande wake, akatazama mbele tena, kisha akajibana ukutani.

"Sogea huku," alisema. "Unanyeshewa."