Matanga ya Mwadime

Kiti cha chumba cha vipodozi ni laini mno, na Mwadime, ambaye leo atakufa mbele ya kamera kwa mara ya arobaini, anafumba macho kidogo tu, na anapoyafumbua yuko barabarani. Barabara inajikunja, inamrudisha palepale, na palepale si pale tena. Miaka ishirini na nane yuko Toronto, muigizaji wa vipande vidogo, mlinzi, dereva wa teksi, mkimbizi, maiti, na sasa mji wa vioo unachomoza mbele yake, na ndani ya kila kioo wamo haohao, wanampungia mkono kama ndugu. Anamkuta mtu asiye na uso. Nielekeze kwa mama, Voi, anamwambia, ni mgonjwa sana, nataka anikubali kabla hajaondoka. Maana mwaka mmoja filamu yake ilipofika Voi, binamu yake alimwona akipigwa risasi, akakimbia kwa mama na habari, wakakaa matanga, na kwa kuwa maiti haikuja wakazika mgomba badala yake. Mwadime alipopiga simu mama akakata, akasema mzimu huo. Asiye na uso anacheka. Nani anayekwenda, aliyekufa au aliyelipwa afe? Yeyote atakayefika, anajibu Mwadime, na kusema hivyo tu, mlango uko mbele yake.

Mama yupo mkekani, anachambua mbaazi. Nani? Ni mimi, mama, Mwadime. Mwadime nilimzika. Ulizika mgomba, mama. Wewe hukuja, ningezika nini? Mwadime anataka kusema nisamehe, inatoka sauti ya mlinzi, anajaribu tena, inatoka ya dereva, tunaenda wapi, bosi? Toka na maigizo yako hapa, anasema mama. Basi Mwadime analia, machozi mawili mazuri, moja kila shavu, jinsi waongozaji wanavyopenda. Mama anasonya. Hayo ni ya kwenye televisheni, mwanangu hakuwahi kulia bila kamasi. Na hapo ndipo kifua kinapopasuka, analia ovyo, kamasi mpaka kidevuni, na mama anavuta pindo la leso aliyojifunga, anambana pua kama mtoto wa miaka miwili. Penga. Haya, tena. Ndiye huyu, anasema, ndiye huyu jamani, mbona umechelewa hivyo, baba?

Mzee, vipi, anaulizwa, na binti wa vipodozi anamfuta uso uliolowa, anamwambia simu yake imelia mara tatu. Anapokea. Ni dada yake wa Voi, Wakesho, analia tu, na nyuma yake vilio vya watu wengi, na Mwadime ameshika simu, hajui kama ameamka ama ndio kwanza analala, hajui anayeliliwa leo ni mama au ni yeye.