Boti Haijaribiwi Mchangani

Siku kijiji kilipokubali kununua boti, aliyesimama kumdhamini Oswaldi alikuwa Kristiana.

Hakuwa msemaji. Aliishia darasa la saba, akapewa ukarani wa ghala kwa sababu ya mwandiko wake, na mikutanoni alizoea kukaa nyuma akiwatazama watu midomo. Lakini wazee walipoulizana nani atawachagulia boti, wao watu wa juu Ufipa ambao maji yao makubwa ni kijito cha kuruka, aliinuka.

"Baba mdogo Oswaldi amekaa Kasanga ziwani miaka tisa," alisema. "Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Akisema boti ni nzima, ni nzima."

Mkutano ukapiga makofi, maneno yakaisha.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe pamoja katika kijiji cha ujamaa, na mahindi yalikuwa mengi kuliko barabara. Boti ingeyapeleka kwenye vijiji vya kando ya ziwa ambako gari halifiki, irudi na dagaa na chumvi. Karani wa kusafiri nayo alikuwa Kristiana huyohuyo. Kuogelea hakujui.

Wakateremka Kasanga kwa lori na magunia ishirini, wakinuia kuanza kazi wakishakabidhiwa. Oswaldi aliwapokea ufukweni amevaa kofia mpya. Boti ilikuwa imevutwa mchangani, imepakwa rangi ya buluu, tumbo lake jeusi kwa lami mbichi.

Huko juu, kihenge kipya hakitiwi nafaka mpaka wanaume wanne wameingia wakakirukia sakafu. Kisipolia, ni kizima. Basi Mwenyekiti Basil akavua viatu, akapanda botini na watatu wengine, wakaruka pale pale juu ya mchanga, nyuso zao nzito kama watu wa baraza. Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa wakaacha kazi.

"Jamani, mnanunua au mnatwanga?" mmoja akauliza.

Basil akaacha kuruka. "Hailii," akasema.

"Hailii kabisa, Ndugu Mwenyekiti," Oswaldi akaitikia.

Kristiana akamtazama baba yake mdogo. Wavuvi wote walikuwa wanacheka. Yeye aliyekaa nao miaka tisa hakucheka, wala hakusema kwamba boti haijaribiwi hivyo. Aliisukumiza majini, akawazungusha mbele ya gati ikiwa tupu, ziwa limelala kama uji uliopoa, akawarudisha kabla hata nguo hazijapata unyevu.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Leteni muhuri tumalize."

Muhuri wa kijiji ulikuwa kwenye mkoba wa Kristiana. Akaomba ruhusa kwanza akamsalimie mwenye boti, maana si adabu kuchukua mali ya mtu mzima bila hata salamu. Oswaldi alisema hakuna haja, dalali ndiye mdomo wa mwenye mali. Basil akamwambia aende, asikawie.

Mzee Yunusu alikuwa barazani kwake anashona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndinyi wa boti? Mtavulia upande gani?"

"Hatuvui, mzee. Tutapakia mahindi."

Sindano ikasimama. "Mahindi gani? Kwani dalali hakuwaambia?"

"Alituambia ni nzima."

Mzee akaweka nyavu chini. "Ubao wa kando ya mkuku, uti wa chini wa boti, umeoza. Nimeupiga bati, nikapaka lami juu, na nikamwonyesha Oswaldi kwa kidole changu hiki. Nikamwambia, hii ni ya kuvulia karibu na nchi kavu, watu wawili na nyavu zao. Boti tupu haisemi kitu, mwanangu. Ipakie, uifikishe kwenye mawimbi, hapo ndipo utasikia maneno yake. Kama dalali ana haya, hiyo ndiyo kazi yake, kuwapeleka huko kabla hamjatoa chochote."

Kristiana alishukuru. Njia ya kurudi ilikuwa fupi, akaitembea taratibu, kwa sababu bado alikuwa akimtafutia baba yake mdogo udhuru. Labda alisahau. Labda hakuelewa. Alipofika ufukweni akawa amebakiwa na njia moja tu ya kujua.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "tupakie magunia yote ishirini, tufike mpaka kule mawimbi yanapoanza, ndipo nigonge muhuri. Mimi nitapanda. Baba mdogo naye apande, akae na mimi."

"Maneno mazuri," akasema Basil.

Oswaldi akacheka kidogo. Akasema upepo unakuja. Hapo ufukweni ziwa lilikuwa halina hata mkunjo. Akasema kifua kinambana, kisha akakumbuka kuna mtu anamngoja Matai.

"Mara moja tu, baba," Kristiana akasema. Wanaume walikuwa wameshaanza kushusha gunia la kwanza.

"Msipakie," Oswaldi akasema.

"Kwa nini?" Basil akauliza.

Oswaldi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani. Waliobeba gunia wakabaki nalo mabegani, wakimtazama, mpaka Basil alipowaonyesha kwa kichwa walirudishe kwenye lori.

Kristiana alimsogelea Oswaldi, akasema kwa sauti ya chini, ya nyumbani.

"Ulijua karani ni mimi. Ulijua nitapanda kila safari."

"Mwanangu, Mzee Yunusu aliniahidi changu boti ikiuzika. Nilitaka bati za nyumba. Hata wewe ungelala humo."

"Nimekuuliza kuhusu boti."

Oswaldi akatazama maji. "Nilidhani wakifika mwisho watamtuma mwanamume."

Kristiana akafunga mkoba wenye muhuri. Basil alikwishawasha moto kwa maneno, anataka Oswaldi aende akajieleze mwenyewe mbele ya mkutano.

"Watu wa mkutano hawakumwamini yeye," Kristiana akasema. "Waliniamini mimi. Nitasema mimi."

Akapanda nyuma ya lori, akaketi juu ya magunia. Oswaldi alikuja akashika ubao wa nyuma, akamwita jina alilomwita tangu utotoni. Dereva akawasha gari. Kristiana hakugeuka; alikuwa anatunga sentensi ya kwanza ya kusema mkutanoni, na kila alipoianza, ilianza na "baba yangu", akaifuta, akaanza upya.