Sisimizi wa Gurudumu la Nne

"Zima redio," Werema alisema.

"Gari hili lina redio, shemeji?"

"Basi nyamaza wewe."

Dafroza akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Landrova ilikuwa inateremka barabara ya vumbi kutoka Nyamuswa kuelekea Butiama. Werema akatoa gia, akaiacha iserereke yenyewe. Injini ikashusha pumzi. Huko nyuma ya viti, mahali fulani kati ya vyuma na barabara, ile sauti ikabaki palepale: wuuuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu.

"Si injini," Werema akasema. "Wala si gia. Ni gurudumu. Ila lipi?"

Alitamka hilo "lipi" kwa utamu, kama mtu anayechagua mnofu kwenye sahani ya wengi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mwenyewe alisimuliaga kwamba siku moja, akiwa kitandani Nyamuswa ana malaria, alisikia basi likipanda kilima kule Bunda, akawaambia waliomuuguza: nyuma kulia, nati mbili zimelegea. Basi likasimamishwa Makutano, likakaguliwa, na kweli nati mbili zilikuwa zimelegea. Ya tatu, alidai, haikuwepo kabisa. Gurudumu lilishikiliwa na sala za abiria. Watu walicheka, lakini gari likianza kulia walimpelekea yeye.

Gari hili lilikaa juu ya mawe miaka minne. Mwaka wa themanini na mbili petroli ilikuwa ya kibali, tairi za kibali, sabuni ya foleni, na Kwangu, mume wa Dafroza, akaona heri alipumzishe. Yeye mwenyewe akafariki kabla hajaliamsha. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Petroli ilipatikana Bunda bila kumpigia mtu magoti, maduka yalianza kujaa vitu ambavyo watoto hawakujua majina yake, na Dafroza alitaka kubeba samaki kutoka Mugango kuja minada ya huku juu. Alichokosa ni gari lisilolia.

"Nakupa mpaka Jumamosi," alisema walipogeuza kurudi. "Ukishindwa nalipeleka gereji Musoma. Kule wanafungua magurudumu yote, wanapanga vyuma chini kama sahani."

"Musoma!" Werema akaguna. "Wale wanasikiliza kwa nyundo."

Lakini mikono yake ilikaza usukani, maana ndani ya magurudumu hayo mlikuwa na kitu ambacho yeye peke yake alikijua.

Siku ile ya kulilaza gari, Kwangu alikuwa amehangaika mpaka akapata kopo moja la girisi, na Werema akaapa mbele ya watu kwamba litatosha magurudumu yote manne, na litabaki la kupaka baiskeli. Halikutosha. Lilikwisha kwenye gurudumu la tatu. Angesema tu, ingekuwa kicheko cha jioni moja. Badala yake aliangalia huku na huku, akaona bakuli la mafuta ya sangara limewekwa dirishani mwa jiko lipoe, na mafuta yalikuwa yameganda vizuri, meupe, laini, kama girisi yenyewe. Akayamaliza yote kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Bakuli akalirudisha likiwa tupu.

Kesho yake mafuta yakatafutwa. Nyumbani pale alikuwepo Esta, mdogo wake Kwangu, msichana mkubwa aliyekuwa akimsaidia wifi yake kazi. Mafuta ya kupikia wakati ule yalikuwa kitu cha kufungiwa sandukuni. Dafroza akasema Esta ameyauza. Esta akasema hakuyauza. Maneno yakapanda, na kabla jua halijazama Esta alikuwa amebeba kifurushi chake kurudi kwao Suguti. Alikuja mara moja tu tangu hapo, kumzika kaka yake, akasimama upande wa pili wa kaburi na hakula chakula.

Werema aliyasikia yote hayo siku ileile. Akajiambia atasema kesho. Miaka minne ni kesho nyingi.

Alhamisi alilipandisha gari jeki uani kwa Dafroza. Alianza mbele kulia, mbali kabisa na nyuma kushoto.

Sauti nyingine mbili alikuwa amekwisha kuziondoa juzi. Moja ilikuwa ya kukwaruza, kutu ya breki tu. Baada ya kukanyagakanyaga breki kilomita mbili ilijifuta yenyewe. Ya pili ilikuwa ya kugonga, nduu, nduu, na alipochungulia alikuta udongo mkavu wa nyigu umeshikamana ndani ya rimu, nyumba ya vyumba sita. Ilibaki hii ya chupa.

Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akalizungusha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha katikati, mpini akaung'ata kwa meno. Ndivyo alivyosikiliza. Sauti, alisema, ikipita hewani inaokota uongo wa njiani, lakini ikipita kwenye meno inafika nzima nzima.

"Linasemaje?" Dafroza akauliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua tatu tu kutoka pale, anaparua samaki.

"Hiri hima."

"Nini?"

Akatoa bisibisi mdomoni. "Hili zima."

Mbele kushoto zima. Nyuma kulia zima. Kila lililokuwa zima lilimwongezea jasho. Na tangu jana alikwishapata jibu barabarani, ila hakutaka kulisikia: kila kona ya kulia, uzito ulipoangukia upande wa kushoto, sauti ilipanda, kona ya kushoto, ikanywea. Waliposimama alipita akigusa kila gurudumu kwa kiganja. Matatu yalikuwa vuguvugu. La nne lilimfanya arudishe mkono haraka.

"Shemeji," akasema, "nisaidie mafuta ya taa kidogo ya kuoshea."

"Hayo hapo nyuma yako."

"Na kitambaa."

"Juu ya mafuta ya taa."

"Maji ya kunywa je?"

"Werema, unanifukuza kwangu?"

Akacheka, naye akacheka kidogo, akahamia gurudumu la nne. Dafroza akavuta kigoda chake karibu zaidi.

"Hili ndilo lilikuwaga linanishangaza," akasema. "Mawe yalikuwa manne, magurudumu manne, lakini sisimizi walikuwaga wanapanda hili tu. Masika, kiangazi, mstari mmoja, wanapanda na kushuka kama watu wa foleni ya dukani. Nikamwaga majivu. Wakayazunguka. Nikamwaga maji ya moto. Wiki haijaisha, hao. Nikamwambia marehemu, humo ndani kuna nini cha kula? Akasema niache vyuma vya watu."

Werema alikuwa amekwisha kusahau jasho. Aligeuka na kumtazama kwa macho ya mtoto aliyeahidiwa hadithi. "Hili tu? Una hakika?"

"Naapa."

"Miaka yote minne?"

"Mwaka huu ndipo walipoacha."

Walipoacha! Hapo ndipo mtu angeweza kujiokoa. Angesema dramu la breki limepasuka, linatakiwa kung'olewa lote, arudi kesho Dafroza akiwa sokoni. Maneno yalikuwa yamepangwa tayari ulimini. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kushika spana. Alitaka kuona. Sauti ya chupa, foleni ya sisimizi, joto la kiganja: kamba tatu zimeingia kwenye tundu moja, na yeye, hata kama humo ndani mngekuwa na nyoka mwenye jina lake, angefungua.

Akafungua.

Habu, kile chuma cha katikati, ikatoka kwa shida, na kabla haijafika chini kikaanguka kitu kama majani ya chai, gao zima, kikamwagika juu ya gunia. Dafroza akainama. Si majani. Walikuwa sisimizi wakavu, maelfu, wepesi kuliko vumbi. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka na kupasuka upande mmoja. Huo ndio ulikuwa mlango wao. Ndani ya beringi hamkuwa na mafuta hata ya kupaka kope. Walikuwa wamebeba yote, punje kwa punje, miaka minne, mpaka chuma kikabaki uchi, kikashika kutu, na gololi zake zikawa na vishimo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Pembeni tu, kwenye kona wasiyoweza kufika, kilibaki kidonge cha utomvu wa kahawia.

"Ee!" Dafroza akasema. "Yaani wamekula girisi?"

Werema akaigeuza habu upande wa pili.

"Nilijua," akaendelea mwanamke, akitikisa kichwa. "Girisi ya wakati ule! Kila kitu kilichanganywa. Sukari na mchanga, dawa na unga. Waliompa marehemu lile kopo walimchanganyia mafuta ya ng'ombe humo. Sikulaumu wewe, shemeji. Umeletewa kitu kibovu, ungefanyaje?"

Alikuwa amemfungulia mlango mpana kuliko ule wa sisimizi. Werema alifuta mikono, kidole baada ya kidole, kama anayevihesabu aone vyote vipo.

"Si girisi," akasema.

"Enhe?"

"Girisi iliishia gurudumu la tatu. Hapa niliweka mafuta ya sangara." Akaonyesha jiko kwa kidole. "Yalikuwa kwenye bakuli. Dirishani pako."

Dafroza aliokota kile kidonge cha kahawia. Akakinusa. Kikakaa mbele ya pua yake muda mrefu kuliko inavyohitajika kujua samaki. Kisha akakiweka juu ya gunia polepole, kama kinaweza kuvunjika.

"Bakuli la bluu?"

"La bluu."

"Na ulikuwepo hapa. Nilipokuwa nafungua kifurushi chake, namwaga nguo zake chini natafuta hela. Ulikuwa hapa unafunga nati."

"Nilikuwepo."

Alitegemea matusi, Dafroza alikuwa nayo ya kutosha wilaya mbili. Hakutukana. Aliendelea kuparua samaki yule yule aliyekwisha kuparuliwa, magamba hayatoki tena, kisu kinapita juu ya ngozi tupu.

"Tafuta beringi," akasema mwishowe. "Ukishafunga, tunaenda Suguti. Utasema wewe, kwa mdomo wako huohuo wa kung'ata bisibisi. Na usije ukaongeza chumvi. Useme fupi."

Ijumaa Werema aliendesha baiskeli mpaka Bunda, kwa Jumanne muuza vipuri, ambako beringi mpya sasa zilining'inia kwenye misumari katika karatasi zake za mafuta. Jumanne akamuuliza ilikuwa imeliaje. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Werema alisema tu imekufa, akaondoka.

Jumamosi walisafiri bila sauti. Landrova ilikwenda kimya kiasi kwamba watu wa njiani walisikia ndoo za nyuma kabla ya gari lenyewe. Werema alijaribu fupi yake kimoyomoyo. Kila alipoianza iliota miguu na mkia; akaikata, akaanza tena.

Suguti, Esta alikuwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, ameinama anaanika mihogo. Aliliona gari la kaka yake. Alinyooka, akalitazama mpaka likazimwa, kisha akainama tena.

Dafroza akashuka. Hakuita hodi. Alipanda mwamba kwa upande wa pili, akafunga khanga kiunoni, akachutama, akaanza kugeuza vipande vya mihogo vilivyokuwa karibu yake, upande mkavu chini, upande mbichi juani. Wanawake wawili, kila mmoja mwisho wake, na katikati yao weupe mtupu.

Werema akavua kofia. Mwamba ulikuwa wa moto kupitia kandambili. Hapakuwa na nafasi ya kukanyaga isipokuwa katikati ya mihogo, basi akaanza kuisogeza kwa mikono, kipande kimoja kimoja, akijitengenezea njia.